Kuongeza nguvu ya pikapu bila kuimaliza gia boksi

Mwaka 2020 Toyota waliipandisha nguvu Hilux yenye injini ya dizeli ya lita 2.8. Ya gia otomatiki ikapewa toki (nguvu ya kuzungusha) ya newtoni-mita 500, ya gia za mkono ikaachiwa 420. Injini ni ileile. Kilichotofautiana ni gia boksi iliyofungwa nyuma yake. Kiwanda chenye wahandisi na maabara kiliona heri kuibana injini kuliko kuitwisha gia boksi mzigo usiouweza. Mwenye pikapu anayefikiria kuongeza nguvu aanzie kwenye uamuzi huo. Mafundi wengi huanza na kompyuta ya injini kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo inayosikika mguuni siku hiyohiyo, halafu klachi inaungua mwezi wa pili.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na Hilux za 2005 hadi 2015 akilini, zile za D-4D: injini ya 1KD ya lita 3.0 au 2KD ya lita 2.5, nyingi zikiwa na gia tano za mkono. Ndizo zinazobeba viazi kutoka Njombe, saruji kwenda vijijini na wafanyakazi wa miradi huku kwetu. Mpangilio wa hatua unafaa pia kwa Ranger, D-Max au Navara. Namba tu ndizo zitakazobadilika.

Hatua ya 1: Andika kazi ya gari kabla ya orodha ya spea

Chukua karatasi uandike mambo manne: uzito unaobeba mara nyingi (siyo ule wa siku moja kwa mwaka), njia unayopita, mwinuko wa huko, na matairi uliyofunga. Gari la mjini Dar linalobeba kilo 300 na gari linalopanda mlima wa Kitonga na tani moja mgongoni ni magari mawili tofauti hata kama yametoka kiwanda kimoja siku moja.

Mwinuko husahaulika sana. Hewa hupungua kadiri unavyopanda. Injini isiyo na turbo, kama ile 5L ya lita 3.0 ya Hilux za zamani, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukiwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, upungufu huo hauna fundi wa kuutibu. Injini yenye turbo hujitetea kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi. Kwa hiyo ramani ya mafuta (maelekezo ya kompyuta ya injini kuhusu kiasi cha mafuta) iliyotengenezwa na kujaribiwa usawa wa bahari inaweza kuitesa turbo ukifika Njombe au Mbeya. Mwambie fundi mapema gari linaishi wapi.

Hatua ya 2: Rudisha kwanza nguvu iliyopotea

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu pikapu nyingi zinazopelekwa gereji "kuongezewa nguvu" zimepoteza nguvu zake za asili. 1KD ikiwa nzima hutoa toki ya newtoni-mita 343. Ikiwa imechoka, ukiiongezea mafuta unaongeza moshi na joto tu.

Anza na vya bei nafuu. Badilisha filta ya hewa na filta ya dizeli. Kagua mipira ya turbo na intakula (kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo): washa injini, mtu akanyage mafuta, sikiliza kama kuna mluzi wa hewa, kisha pitisha mkono chini ya mipira utafute oili na nyufa. Safisha kihisi cha hewa kwa dawa yake maalumu, siyo petroli. Fungua intake manifodi uone masizi. Kwenye gari lililotembea kilomita laki mbili na zaidi, tundu linaweza kuwa limebaki nusu. Nyanyua kila tairi ulizungushe kwa mkono. Breki iliyoshika kidogo hula nguvu ambayo umekuwa ukiilaumu injini kwa kuikosa.

Kisha nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Gari lipimwe kwa kompyuta injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), fundi asome kiwango cha masahihisho ya kila silinda, yaani mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili silinda zilingane. Kwa injini hizi za KD, thamani haipaswi kuvuka 3 juu au chini ya sifuri. Ikivuka, nozeli hiyo imechoka au silinda yake ina kasoro, basi pima kompresheni kabla ya kununua chochote. Nozeli mpya ikifungwa, msimbo ulioandikwa juu yake lazima uingizwe kwenye kompyuta ya injini. Fundi asiyejua hilo asiziguse.

Kuna ugonjwa wa 1KD ambao kila mwenye gari hili anapaswa kuujua. Chini ya kila nozeli kuna washa (pete ya kuzibia) ya shaba. Ikichoka, moto wa silinda hupenya na masizi huingia kwenye oili. Oili inakuwa nzito, masizi yanaziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ambako pampu ya oili inavutia, mwishowe injini inakosa oili na kunoki. Dalili ni oili kuwa nyeusi mno na nzito mapema, harufu ya moshi kwenye kifuniko cha kujazia oili, au mvumo wa hewa unaoruka pale injini inapowaka. Kama historia ya gari huijui, shusha sampu uoshe chujio na ubadilishe washa zote nne. Kazi hii haiongezi hata kilowati moja, lakini nisingekubali kuongeza nguvu kwenye 1KD ambayo haijafanyiwa.

Malizia na taimingi belti. Vipindi hutofautiana kulingana na soko, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa.

Gari nyingi nilizoziona zikiishia hapa ziliridhisha wenyewe. Kama la kwako limerudi kupanda mlima kama zamani, hela iliyobaki weka kwenye matairi.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya gia

Nguvu ya injini kwa kilowati ni toki mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. 1KD hutoa 343 zake kuanzia mizunguko 1,400 hadi zaidi ya 3,000. Tuseme unapanda mlima na gia ya nne, injini ikizunguka 2,000. Kwa difu ya 4.1 (propela huzunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja) na tairi la 265/70R16 hiyo ni kama kilomita 71 kwa saa. Piga hesabu: 343 mara 2,000 gawanya kwa 9,549 unapata kilowati 72.

Sasa ukiwa kwenye mwendo huohuo rudi gia ya tatu, ambayo uwiano wake kwenye gia boksi ya R151F ni 1.436. Mizunguko inapanda hadi karibu 2,870 na nguvu inafika kilowati 103. Umepata asilimia 43 zaidi bila kununua kitu. Hakuna ramani ya kompyuta ya busara itakayokupa kiasi hicho. Madereva wetu wengi wamefundishwa kwamba kuiacha injini izunguke ni kuiumiza. Kwa dizeli ya turbo, kuikandamiza gia kubwa chini ya mizunguko 1,500 na mzigo mgongoni ndiko kunakoumiza pistoni, beringi na klachi kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, panda mlima wako uleule kwa gia ya chini yake, mizunguko ikiwa kati ya 2,400 na 3,000. Kama gari linapanda vizuri, ulichokikosa kilikuwa gia.

Hatua ya 4: Matairi makubwa na difu

Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777. Vijana wakitaka gari likae juu wanafunga 285/75R16 kwenye rimu zilezile, kipenyo milimita 834. Tofauti ni asilimia 7.3. Difu ya 4.100 sasa inafanya kazi kama 3.82. Gari limekuwa zito kwenye kila gia, klachi inasuguliwa zaidi kila unapoondoka, na dashibodi ikisoma 100 gari linakwenda 107. Mwenye gari anasema injini imeisha.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha saizi ya matairi, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa gari la biashara. Ya pili ni kubadilisha meno ya difu. Zidisha uwiano wa sasa kwa tofauti ya matairi: 4.100 mara 1.073 ni 4.40. Kwa Toyota utakutana na 4.300, 4.556 na 4.875. Mwenye kutembea barabara ndefu ya lami achague 4.300; anayebeba mzigo kwenye milima na vumbi achague 4.556. Hiyo 4.875 waachie wenye matairi makubwa zaidi ya hayo.

Angalia msimbo wa ekseli kwenye bamba la chasisi ujue ulichonacho, au geuza propela kwa mkono ukihesabu mizunguko yake kwa mzunguko mmoja wa magurudumu yote mawili ya nyuma. Na kama gari ni la fo-wili, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku utakayoingiza fo-wili kwenye ardhi kavu transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) itapasuka. Kufunga meno ya difu ni kazi ya vipimo: fundi awe na saa ya kupimia nafasi kati ya meno na rangi ya kuonyesha meno yanapokutana. Anayefunga kwa kusikiliza tu atakurudishia difu inayolia.

Jambo moja kabla hujatumia hela: L4 ya Hilux, yaani fo-wili ya gia nzito, hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta zaidi ya mara 2.5. Kama tatizo lako ni mteremko mmoja wa udongo kutoka shambani, tayari unayo dawa yake kwenye lever ya pili. Itumie kwenye udongo na matope, siyo kwenye lami.

Hatua ya 5: Klachi na gia boksi

Hapa ndipo nguvu mpya hupita au hukwama. Ijaribu klachi uliyonayo: ukiwa gia ya nne kwenye mizunguko 1,800, kanyaga mafuta hadi chini. Kama mizunguko inapanda ghafla na mwendo haupandi, klachi inateleza. Usiguse kompyuta ya injini kabla ya kuibadilisha.

Unapochagua mpya, tafuta iliyotengenezwa kubeba kama asilimia 30 zaidi ya toki unayokusudia, yenye pleti ya malighafi ya kawaida na presha pleti nzito zaidi. Zile za vipande vya seramiki hushika kwa kishindo. Zinafaa mashindanoni, kwa gari linalorudi nyuma na mzigo kwenye geti la ghala zitakutesa kila siku, na kishindo hicho hupelekwa kwenye gia boksi na propela. Presha pleti nzito nayo ina gharama, pedali inakuwa ngumu na rilizi beringi inafanya kazi zaidi. Gia boksi ikiwa chini, badilisha kwa pamoja rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na sili ya nyuma ya krenkishafti, na flaiwili ipitishwe mashine ya kusawazisha. Kazi ya kuishusha ndiyo ghali. Kuishusha mara mbili kwa sababu ya sili ni hasara.

Gia boksi yenyewe ikaguliwe kwa oili yake. Imwage ikiwa ya moto kwenye beseni safi. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni la kawaida kwa kiasi kidogo. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, ifunguliwe. Kelele inayosikika ukiwa huru na kupotea ukikanyaga klachi ni beringi. Gia ya pili au ya tatu inayokwaruza ukirudi chini ni sinkro, kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Oili iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida 75W-90. Ile nzito ya difu inayomiminwa "ili kupunguza kelele" huficha ugonjwa na kuzichosha sinkro asubuhi za baridi.

Ukihitaji gia boksi nyingine, za mtumba zipo nyingi, lakini jina R151F peke yake halitoshi. Linganisha nyumba ya klachi, idadi ya meno ya shafti ya kuingilia, mahali pa kihisi cha mwendo na mahali lever inapotokea. Za Prado na za Hilux zinaweza kufanana ukiziangalia kwa mbali na zisikubaliane zikifika kwenye gari. Nenda dukani na ya zamani mgongoni mwa gari.

Kwa wenye otomatiki, adui ni joto. Toki konveta, inayokaa mahali pa klachi, huteleza ndani ya oili, na kila inapoteleza inazalisha joto. Oili ya gia otomatiki hufurahia nyuzi 80 hivi. Ikikaa juu ya 120 huanza kuharibika na sili hukauka. Kabla ya kuongeza nguvu yoyote funga kipoozeo cha nje cha oili ya gia, mbele ya rejeta, na ubadilishe oili kwa aina halisi inayotakiwa. Toyota nyingi za kipindi hiki hutumia ATF WS. Usichanganye na nyekundu yoyote iliyo rafuni. Ukipanda mlima mrefu, shikilia gia ya chini mwenyewe badala ya kuiacha ikihangaika kati ya gia mbili.

Hatua ya 6: Joto la injini

Osha rejeta nje na ndani, kagua feni na klachi yake ya mnato, badilisha thamostati kama haijulikani umri. Kisha funga geji mbili ambazo gari halikuja nazo: ya presha ya turbo na ya joto la ekzosi kabla ya turbo. Bila hiyo ya pili, kuongeza mafuta kwenye dizeli ni kutembea gizani. Kwa gari la kazi nisingeruhusu joto hilo likae juu ya nyuzi 700 kwenye mlima mrefu. Likifika hapo, punguza mguu na urudi gia moja. Pistoni ni za aluminiamu, na zinapoanza kuyeyuka geji ya maji bado inasoma kawaida.

Hatua ya 7: Hewa, kisha mafuta

Dizeli huongezewa nguvu kwa mafuta, lakini mafuta yasiyo na hewa ni moshi mweusi. Hewa ianze.

Ekzosi ya inchi 3 kuanzia turbo kwenda nyuma huipunguzia turbo kazi na hushusha joto. Filta ya hewa bakini na ya karatasi ya kiwango kizuri. Kwa vumbi letu, zile za wavu wa oili zinazouzwa kama za "mbio" siziamini. Intakula ina maana kubwa zaidi. Hewa iliyobanwa na turbo ikitoka na nyuzi 120 na kupozwa hadi 60, kwa presha ileile, inakuwa nzito zaidi kwa kama asilimia 18. Hilux ya 1KD ina intakula juu ya injini, inayovuta hewa kwenye tundu la boneti. Ukitembea polepole na mzigo, tundu hilo halipati upepo na intakula inapashwa moto na injini iliyo chini yake. Kuihamishia mbele kunasaidia, mradi mipira iwe ya kubana vizuri na isizibe rejeta. 2KD ya nguvu za farasi 102 haina intakula kabisa, na kwa gari hilo ndiyo nyongeza ya kwanza ninayoitaka.

Baada ya hayo ndipo kompyuta. Kuna njia mbili. Kisanduku kinachochomekwa kwenye waya wa kihisi cha presha ya dizeli huidanganya kompyuta kwamba presha iko chini, nayo inaamuru pampu iongeze. Ni rahisi, na siku ya kuuza gari unakitoa. Lakini pampu na nozeli zinaishi kwenye presha ambayo hakuna anayeisimamia. Njia ya pili ni kuandika upya ramani ya mafuta na turbo ndani ya kompyuta yenyewe. Ni ghali zaidi, na ndiyo ninayoichagua, kwa sababu fundi anaweza kuweka mipaka: toki isipande ghafla kwenye mizunguko ya chini ambako gia boksi huumia, mafuta yapunguzwe joto likizidi, moshi usionekane. Omba ramani inayoongeza asilimia 15, siyo 30. Omba pia nakala ya ramani ya asili, uihifadhi mwenyewe.

Dizeli yenyewe isisahaulike. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limesaidia sana injini za kisasa. Dizeli ya madumu iliyochanganywa na mafuta ya taa au maji ni habari nyingine: pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe. Anayenunua mafuta ya madumu asiongeze presha ya nozeli.

Hatua ya 8: Breki na karatasi

Gari linalopanda Kitonga kwa kasi zaidi litaishuka pia. Badilisha oili ya breki, pima diski na ngoma, na ushuke kwa gia. Nguvu ya injini haibadilishi uzito ulioandikwa na kiwanda kwamba gari libebe. Springi za nyongeza nazo hazibadilishi.

Mjulishe bima yako kwa maandishi. Kama uliamua kubadilisha injini nzima, namba yake iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya lazima wairekebishe kabla hujakutana na ukaguzi barabarani. Dai risiti ya injini ya mtumba na uitunze.

Hatua ya 9: Jaribu kwa mzigo

Usipokee gari baada ya kuzunguka mtaa. Lipakie mzigo wake wa kawaida, nenda kwenye mlima unaoujua, ukae na fundi kiti cha pembeni akisoma kompyuta. Andika joto la ekzosi, presha ya turbo, joto la maji na gia uliyotumia. Simama juu, acha injini izunguke dakika mbili kabla ya kuzima, fungua boneti utafute oili kwenye mipira. Ukifikisha kilomita 1,000, mwaga oili ya gia boksi na ya difu uangalie vipande, kaza bolti za intakula na propela, pima tena masahihisho ya nozeli na uyalinganishe na yale ya hatua ya pili. Kama silinda moja imesogea na nyingine tatu zimetulia, rudisha ramani ya asili hadi ujue sababu.